Kisiwa Kilichoninyima Chumvi

Kabla hamjauliza tena: ndiyo, nilifika. Mjukuu wangu ana afya, ana mashavu, na analia kama mtu anayedai haki yake. Na la, sikurudi naye, wala sikurudi na mama yake. Najua chama chetu kizima cha akina mama kilijiandaa. Najua Mama Brayo alinipakia rangi chumba cha nyuma, rangi ambayo sikuichagua. Nimechoka kueleza mlango kwa mlango hapa Jericho, kwa hivyo naandika mara moja, kila mtu asome, halafu mniache nishone nguo za watu.

Kwa wale wageni wa habari hii: Wanja ni binti yangu wa pekee. Alimpata Ouma hapa hapa Nairobi, kule Baba Dogo, kwenye kiwanda ambacho Ouma alikuwa fundi wa mitambo, wakapanga chumba Lucky Summer. Kiwanda kilipopunguza watu, Ouma akarudi kwao kisiwani, Ziwa Victoria, kutengeneza injini za boti. Wanja akamfuata akiwa na mimba. Kisiwa chenyewe sikitaji jina, maana ni kidogo na wenyewe watajua nani alisema nini.

Wanja alijifungua kwa upasuaji. Nilipompigia simu alisema yuko sawa. Nikamuuliza tena, akasema yuko sawa. Mimi ndiye niliyemzaa, na Wanja akisema yuko sawa zaidi ya mara moja, hayuko sawa. Nikafunika cherehani yangu kwa shuka, nikaamua mambo mawili. La kwanza, nitaenda nimpikie mpaka apate nguvu. La pili, nitamleta nyumbani akae na mimi hadi mtoto atambae. Hilo la pili sikumwambia, nilitaka kumwambia uso kwa uso.

JERICHO HADI MBITA

Nilinunua njahi pale soko la Jericho, nyingi, nikazipepeta mwenyewe. Njahi, kwa wale ambao si wa kwetu, ni maharagwe meusi yenye mstari mweupe. Mwanamke akijifungua hulishwa hizo ili maziwa yashuke. Nilipomzaa Wanja, mama yangu alinipikia njahi mpaka nikawa naziota. Sikuzipenda hata siku moja, lakini Wanja alinenepa, na hakuna anayebishana na mtoto mnene.

Basi liliondoka likiwa limechelewa, jambo ambalo sihesabu kuwa habari. Tulipopita Narok likaharibika, na hilo pia si habari. Habari ni kwamba kila mwanamume ndani ya basi alishuka akawa fundi. Dereva alilala chini ya gari, na wao wakasimama wakiishauri miguu yake, kwa sababu ndiyo pekee iliyoonekana. Mwishowe utingo akakaza kitu kwa spana, gari likawaka, na wale washauri wakarudi ndani wakipongezana.

Kando yangu aliketi mama mmoja wa Rongo, mwenye sufuria mpya mapajani, kubwa ya kupikia darasa zima. Tulikula mahindi ya kuchoma pamoja na akaniuliza nakwenda wapi. Nikamweleza.

"Na utalala wapi?"

"Kwa mtoto wangu."

"Kwa mtoto wako si ni kwa mkwe wako?"

"Ni hapo hapo."

Akanitazama, kisha akatazama sufuria yake. "Watu wa Nairobi," akasema, bila ubaya. "Haya, Mungu akutangulie."

Nilidhani ananitakia safari njema, nikajibu amina.

MBITA HADI KISIWANI

Pale nilipopandia boti, boti halifiki nchi kavu. Kuna wanaume wanaosimama majini, na kazi yao ni kukubeba mgongoni mpaka ndani ili usilowe. Mimi si mwepesi, mnanijua. Yule aliyenibeba aliguna mara moja tu.

"Mama, umebeba nini?"

"Njahi."

Alikuwa kijana mwenye adabu. Alikubali kwamba uzito wote ulikuwa wa njahi.

Tukakaa. Boti lilikuwa limejaa, injini ilikuwa inanguruma, na hatukuondoka. Nikauliza kwa nini. Nikaambiwa tunamngoja Awino, ambaye ameenda kusukwa nywele na bado upande mmoja. Nilitazama kuona nani atakasirika ili nikasirike naye. Hakuna. Mzee mmoja alinieleza kwa upole kwamba si vizuri kumwacha mwanamke akiwa nusu. Awino alipofika, watu wote walimgeuza kichwa huku na huku wakakubali kwamba tulifanya vyema kungoja.

Aliketi karibu yangu. Alikuwa na duka pale kisiwani, karibu na boti zinapotia nanga, na alizungumza bila kupumzika. Alinishika mkono mawimbi yalipoanza. "Ukihitaji chochote, mama, wewe kuja tu kwangu," akasema. Nikamwona ni mtu wangu.

Tulipofika, wanawake walikuwa wametusubiri wakiimba. Mama Ouma, mama yake mkwe wangu, ni mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo watu hunyamaza kuisikiliza. Alinikumbatia. Ouma alikuwa amesimama mbali, karibu na nyavu zilizoanikwa. "Karibu, mama," akasema, akitazama viatu vyangu. Nilimpa mkono, akaugusa kwa ncha za vidole akarudi nyuma. Kule kwetu mwanamume asiyekutazama machoni amekula kitu chako au amempiga mtoto wako. Nikaliweka hilo moyoni.

Wanja alikuwa ameketi nyumbani kwa Mama Ouma na mtoto. Alikuwa amekonda. Nilimshika uso kwa mikono yote miwili, na sikutaka kumwachilia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi niliuona pale kwenye mifupa ya mashavu yake.

Ilipofika jioni mzigo wangu haukupelekwa kwa Wanja. Ulipelekwa kwenye chumba cha wageni cha kanisa, kizuri, chenye pazia na kitanda kilichotandikwa. Nikamvuta Wanja kando.

"Mathe, usijam, usikasirike bure," akasema. "Huku mama mkwe halali kwa mkwe wake. Ni heshima tu."

"Na Lucky Summer je? Si nililala kwenu mara mbili?"

"Na Ouma alikuwa wapi?"

Nikafikiri. Ouma alikuwa kazini, shifti ya usiku, mara zote mbili.

"Hakukuwa na shifti, mathe. Alilala Baba Dogo kwa beshte yake."

Nililichukua hilo nikaenda nalo kulala.

MADUKA MATATU

Asubuhi nilipanga kazi. Chumba changu kilikuwa na jiko na sufuria. Njahi nilikuwa nazo. Nilichokosa ni mkaa, chumvi na kitunguu, vitu ambavyo hapa Jericho mtoto hutumwa na kurudi kabla hujamaliza kumtuma. Kisiwa kina maduka matatu. Nilianza kwa Awino.

"Awino, nipe chumvi."

Nywele zake zilikuwa zimependeza. Uso wake ulianguka. "Chumvi imeisha, mama."

Nyuma ya kichwa chake pakiti za chumvi zilikuwa zimepangwa mstari. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hizo ni za mtu."

"Haya, mkaa."

"Umenyeshewa."

Mvua haikuwa imenyesha. Nikatazama kapu la vitunguu lililokuwa kati yetu, juu ya meza. Naye akalitazama.

"Hivyo bado havijaiva," akasema.

Niliondoka. Duka la pili liko karibu na shule. Mzee aliyekuwa dirishani aliniona nikija, akafunga nusu ya dirisha.

"Mwenye duka ametoka," akasema kupitia ile nusu nyingine.

"Na wewe ni nani?"

Alifikiri kwa muda mrefu, kwa sababu hakuwa mwongo wa kawaida. "Mimi ndiye mwenye duka," akakubali. "Lakini nimetoka."

Nyinyi mnajua huku kwetu Eastlands mtu akikwambia hakuna, na wewe unaona kipo, anataka uongeze bei. Basi nikaongeza. Mzee akaonekana kama nimemtukania mama. Akafunga na ile nusu iliyobaki.

Nikarudi chumbani nikawaza. Labda ni koti langu, labda ni viatu, labda wananiona nimetoka Nairobi nikiwa na madharau. Nikavaa leso, nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda duka la tatu kwa njia ya nyuma nikitembea pole pole kama mwenyeji.

"Karibu, maro," akasema mama wa dukani kabla sijafika. Maro ni mama mkwe kwa lugha yao. Chumvi ilikuwa imeisha.

Wakati huo huo chakula kilikuwa kinakuja. Asubuhi uji na viazi vitamu, mchana samaki, jioni kuku, vyote vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa cheupe na kuletwa na wanawake wasiokubali kuketi. Vyote vilikuwa na chumvi. Nilipofua blauzi yangu moja nikaianika, mtu aliichukua ikiwa imelowa, ikarudi imepigwa pasi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu ilipita, na jembe sikuliona hata kwa mbali.

Nikamwona mwanamume akishona nyavu. Nikamwomba anisaidie kunitafutia mkaa. Akasema hakuna shida kabisa, akainuka akienda kwa furaha. Alirudi na kiti cha sebuleni kichwani, chenye mto na kitambaa cha kushonwa kwa kroshia.

"Mama Ouma amesema ukae," akanieleza.

Nikampigia simu Mama Brayo. Yeye mwenyewe atakumbuka alichosema, lakini wengine hamjui.

"Wee! Kwani hujashtuka? Hao hawakutaki. Wanakunyima chumvi, na je, huyo msichana wanampa nini ukienda? Beba mtoto wako ukuje naye mbio."

Nilikuwa nimeshafika hapo mwenyewe kabla hajasema. Nilikuwa namwona Wanja mchana tu, watu wakiwa wamejaa, na kila nikimuuliza anasema yuko sawa. Mume haniangalii. Maduka hayaniuzii. Nilikuwa na hofu, nawaambia kweli, hofu ya kumwacha mtoto wangu mahali ambapo hata kitunguu kinanikataa.

Nikarudi kwa Awino, na safari hii sikuomba kitu.

"Kama hamtaki watu wa Nairobi, semeni," nikamwambia, mbele ya watu. "Sisi si wajinga. Lakini mtoto wangu amekonda, na mimi nataka kumpikia. Kama ni ubaya, ni ubaya wa kuninyima mimi, si yeye."

Awino alikaribia kulia. Akatoka nje ya duka, akanivuta nyuma ya ukuta.

"Mama, hapa hakuna kitu imeisha. Mama Ouma alipita kwa maduka yote kabla boti halijakuleta. Alisema mtu akikuuzia hata kiberiti, asimsalimie tena. Ati walichukua msichana wako, halafu wewe uonekane ukijinunulia chumvi? Watu watasema nini juu ya hiyo boma?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alisema pia tusikuambie. Ungekataa kula."

KWA MAMA OUMA

Nilichukua mfuko wa njahi nikaenda. Nilimkuta jikoni kwake, jiko la nje la matope, akipara samaki. Niliuweka mfuko chini mbele yake.

"Mimi sikuja kukaa," nikasema. "Nilikuja kupika."

Aliosha mikono bila haraka. "Mama Wanja, uliniletea mtoto wako. Sasa unataka kijiji kikuone na mkaa kichwani, halafu Jumapili mimi niingie kanisani na mlango gani?"

"Nataka mtoto wangu apate maziwa."

"Maziwa anayo."

"Amekonda!"

"Alipasuliwa." Sauti yake haikupanda. "Nililala sakafuni hospitalini. Alinishika mkono huu, na wakati wote alikuwa anakuita wewe. Mimi nilikuwa naitikia."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi makali, na yote yalinitoka. Nilimshukuru na nikamwonea wivu, vyote kwa pumzi moja. Wivu ulikuwa mkubwa zaidi, sitawaficha.

Kupitia mlango wa jiko niliona nyuma ya nyumba ya Wanja. Ouma alikuwa ameinama kwenye karai akifua nepi, akizikamua vizuri, pembe kwa pembe. Alipoinua macho akaniona, akasukuma karai nyuma ya ukuta kwa mguu na kusimama mbele yake, mikono ikidondosha maji, akitazama viatu vyangu kutoka huko mbali. Huyu hakuwa amempiga mtu, na nilijiona mjinga kiasi.

"Jiko hili ni langu, si la Ouma," akasema Mama Ouma mwishowe. "Hapa hakuna mwiko. Lakini hutashika sufuria. Wewe utakaa, useme, mimi nipike."

Kile kiti cha kroshia kikaletwa. Nikakaa mbele ya moto wa mtu mwingine kama mgeni wa heshima kwenye harusi, nikapika kwa mdomo.

"Usitie chumvi sasa, njahi hazitaiva."

Akatia chumvi.

"Mama Ouma, nimesema bado!"

"Kitu bila chumvi kitajuaje kwamba ni chakula?"

Njahi zilichemka mchana mzima. Kuni ziliongezwa mara nyingi. Wanawake walikuja kutazama, na kila mmoja akaonja akasema kitu kwa lugha yao, na Mama Ouma hakutafsiri. Lakini tulicheka. Alinieleza jinsi Ouma alivyokuwa mtoto, mimi nikamweleza jinsi Wanja alivyokataa kunyolewa, na jua lilipoanza kulegea njahi zikakubali kupondeka.

Wanja akaletewa sahani. Nilimtazama kama mwalimu anavyotazama mtihani. Alikula. Alikula kijiko baada ya kijiko, akiniangalia usoni, akanimalizia sahani yote. Nilifurahi sana. Kisha akaweka sahani chini, akamgeukia Mama Ouma, akauliza kwa sauti ndogo kama mchuzi wa samaki wa jana umebaki.

Ulikuwa umebaki. Aliunywa wote kwa kikombe, na baada ya hapo mtoto akanyonya akalala.

KUONDOKA

Nilikaa siku chache tena, kwenye kiti. Raha ya kukatazwa kazi mtu huizoea haraka kuliko anavyodhani. Lakini lile jambo la pili sikuwa nimelisema. Kila siku nililiweka kwa ya kesho, mpaka kesho zikaisha. Nikajipa moyo kwamba nitalisema asubuhi ya kuondoka, njiani, tukiwa wawili tu. Maneno nilikuwa nayo tayari: Wanja, chukua mtoto, twende nyumbani.

Asubuhi hiyo mizigo yangu ilitangulia, na ilikuwa imezaa. Kulikuwa na omena, samaki wa kukaushwa, kuku hai, na mkeka. Wanja alinisindikiza, mtoto akiwa amefungwa mgongoni. Alitembea wima sasa, hakuwa anashika tumbo. Watu walimsalimu kwa jina la mwanawe, naye akawajibu kila mmoja, akiuliza habari ya mguu wa huyu na mbuzi wa yule. Nilikuwa nimeufungua mdomo mara mbili, na mara mbili mtu akatusimamisha.

Tulipofika kwa Awino nikasimama. Mama haondoki akimwacha mtoto wake mikono mitupu. Nilitaka kumnunulia sukari na sabuni ya kufulia, vitu vyake mwenyewe, kutoka kwangu. Na nilijua tukiwa pale dukani nitalisema.

"Awino, sukari na sabuni. Ni za Wanja, si zangu. Hizo unaweza kuniuzia."

Awino akazishusha. Akaziweka mezani, lakini mkono wake haukuziachilia. Alinipita kwa macho, akamtazama Wanja nyuma yangu, akamuuliza kitu kwa lugha yao.

Wanja wangu, aliyejua kubishania bei sokoni Jericho kabla hajajua kusoma, akajibu kwa lugha hiyo hiyo. Alijibu taratibu, maneno machache, kwa sauti ya chini, na Awino akamsikiliza. Sikuelewa hata neno moja. Kisha Wanja akatikisa kichwa.

Awino akarudisha sukari kwenye rafu. Akarudisha na sabuni.

"Wanja?" nikasema.

"Twende, mathe," akasema, akanishika kiwiko kwa upole. "Boti litakuacha."

Yale maneno yangu nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza. Nilibebwa mpaka botini, nikawekwa pamoja na kuku wangu. Nililia, nawaambia wazi, watu wote wakiona, na sikujali. Wanja alisimama ukingoni katikati ya wanawake waliokuja kunisindikiza, wote wakinipungia mkono, na boti lilipofika mbali sikuweza tena kujua ni yupi kati yao aliyekuwa wangu.